Nyumba Iliyoandikwa Sifuri

4 Februari

Kijiti mwanangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Nakuandikia nikiwa jikoni, maana siku hizi naishi hapa na kwenye chumba changu cha kulala, basi. Juzi nilikuwa natafuta hati ya kiwanja, nikaenda kufungua chumba chako cha zamani, mlango ukagoma. Umevimba kwa unyevu. Nikausukuma kwa bega. Kitanda chako kipo, kimefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna vumbi ambalo mtu anaweza kuandikia jina lake. Nikasimama pale katikati nikapiga hesabu: vyumba vinane, mtu mmoja.

Nimeamua kuiuza nyumba.

Usishtuke, soma mpaka mwisho. Kazi yangu unaijua: mwashi wa kulipwa kwa wiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Miaka arobaini na sita nimeshika mwiko na hakuna tajiri hata mmoja aliyewahi kuniwekea pensheni. Marehemu mama yenu alikuwa akiniuliza tutakula nini uzeeni, namwambia, "Tutakula nyumba." Akicheka, mimi sicheki. Kila kilichobaki baada ya ada zenu kilikwenda kwenye tofali. Mwaka huu chumba, mwaka ujao dirisha, mwaka mwingine hatukuongeza hata msumari kwa sababu kaka yako alikuwa anaingia chuo. Sasa uzee wenyewe umefika. Paa linavuja mahali pawili, mimi ngazi siipandi tena, na kodi ya kiwanja inapanda badala yangu.

Basi nikaenda kwa dalali. Akaniuliza mtaa, akaniuliza ukubwa, akataja bei ya kiwanja. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mwanangu, nilirudi nyumbani nikasimama uani nikautazama ule udongo mwekundu kama mtu aliyeona kitu kinapumua. Tulipokinunua kiwanja hiki, mimi na mama yenu, watu walitucheka. Barabara hakuna, umeme hakuna, fisi wanapita. Mji ukatufuata wenyewe. Miaka yote hiyo nimelala, nimeamka, nimekwenda kazini, kumbe ardhi iliyo chini ya kitanda changu ilikuwa inafanya kazi kuliko mimi. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo mwili unanisisimka.

Mpango ni huu: nauza, nanunua vyumba viwili na jiko mahali pengine kwa theluthi ya bei, zinazobaki zinanilisha mpaka miaka themanini na mitano. Nikipitiliza hapo, itabidi tukae kikao.

Kaka yako amekubali. Limebaki neno lako.

Baba yako,
Fundi


21 Februari

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa maabara nasubiri mashine ya damu imalize kuzunguka. Ilipolia kuniita sikuisikia. Mwenzangu wa zamu akaja kunigusa bega.

Baba, naomba usiuze. Kama ni lazima, basi usiuze mwaka huu. Ngoja nije Desemba tuzungumze ana kwa ana. Paa tafuta fundi, gharama ni juu yangu, na hiyo kodi pia. Nitaongeza ninachokutumia kila mwezi, nina uwezo huo.

Najua nyumba ni yako na jasho ni lako. Lakini kile chumba chenye dirisha la upande wa asubuhi usikifungie kwenye mkataba wa mtu. Kiache kama kilivyo, na vumbi lake.

Nikijiuliza kwa nini nakuomba hivi sina sababu nzuri ya kukupa. Niamini tu.

Mume wangu anakusalimu.

Binti yako,
Kijiti


9 Machi

Kijiti,

Barua ya mtu mzima huwa na sababu. Yako haina, kwa hiyo nimeitafuta mwenyewe. Kama ni urithi, sema urithi. Hakuna aibu. Ningekuwa mtoto wa nyumba hii na mimi ningeutamani. Lakini nilizaa watoto ili niwasomeshe, na nimewasomesha. Urithi wako ndio hiyo hadubini unayochungulia kila siku.

Na hizo fedha unazonitumia nataka zipungue, siyo ziongezeke. Una mume, una maisha. Nikikuruhusu utengeneze paa mwaka huu, mwakani utatengeneza magoti yangu, na mwaka wa tatu utakuwa unafanya kazi zamu mbili kule ugenini ili mzee mmoja alale chumba kimoja na kufunga saba. Hilo sitalikubali hata kidogo.

Nina habari njema ya kukutuliza. Mnunuzi amepatikana, na siyo mmoja, ni familia nzima. Bwana ni mwalimu, mkewe anashona mapazia, watoto wanne. Walipokuja kutazama, yule mama alipitisha mkono ukutani toka sebuleni mpaka jikoni, taratibu, akauliza, "Huu ukuta kajenga nani?" Nikasema mimi. Watoto walikuwa tayari wanagombea chumba chako.

Kwa hiyo nyumba haiendi kupotea. Inabadilisha watu tu.

Baba yako,
Fundi


27 Machi

Shikamoo Baba,

Neno urithi limeniuma. Sikuwahi kuwaza hivyo, na nilidhani unanijua zaidi.

Uza. Nafurahi kwamba kuna watoto.

Kazi zimeniandama, kwa hiyo usione kimya.

Kijiti


6 Mei

Kijiti mwanangu,

Umeninyima barua mwezi mzima. Umefanya haki, neno lile lilinitoka kabla sijalipima. Mwashi asiyepima ni mharibifu. Nisamehe.

Nimehama. Nakuandikia toka nyumba mpya, na kalamu yenyewe inashangaa. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, yote chini, hakuna hata kizingiti cha kurukia. Siku ya kuhama kaka yako alikuja na gari la mizigo akidhani tutapiga safari nne. Moja ilitosha. Kabati la mama yenu halikupita mlangoni, nikampa jirani. Viti kumi na viwili nimebaki na vitatu: changu, cha mgeni, na cha mgeni aliyekuja na mwenzake.

Sasa sikia jambo lililonistaajabisha. Asubuhi ya kwanza niliamka, na bila kuinua kichwa nikaona mlango, dirisha, birika la chai, kofia yangu na barabara yote nje. Maisha yangu yote yako mbele ya macho yangu kwa pamoja. Sijui niliwezaje kuishi miaka yote ile kwenye nyumba ambayo nusu yake siioni. Ninafagia kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu nakaa. Kijiti, mimi sijawahi kukaa! Nilikaa saa nzima nikitazama kivuli cha nguzo ya umeme kikivuka ukuta wa jirani, na hakuna mtu aliyeniita. Nilikuwa sijui kwamba mchana ni mrefu namna hii.

Ile familia imeshaingia. Mwalimu amepanda maua mbele. Watoto wanakimbizana varandani mpaka majirani wananuna. Kila kitu kiko sawa.

Baba yako,
Fundi


24 Mei

Kwa familia inayoishi nyumba ya Fundi,

Hamnijui. Mimi ni binti wa mzee aliyewauzia nyumba. Ninaandika kwa sababu nina ombi, na kwa sababu kuna mambo ni rahisi kumwambia mtu ambaye hujawahi kumwona.

Ombi langu ni kwamba nikija mwisho wa mwaka mniruhusu nikae kidogo, hata robo saa, kwenye chumba chenye dirisha la upande wa asubuhi. Sitagusa kitu. Nimesikia kwamba watoto wenu walikigombea, nami nataka kumjua aliyeshinda.

Sasa niseme na lile jingine. Mume wangu na mimi tumeachana tangu Novemba. Aliondoka na masanduku mawili na redio. Sijamwambia baba yangu, na kwenye barua zangu namsalimia kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Nilikuwa nimeshapanga: Desemba narudi nyumbani moja kwa moja, nafungua chumba changu, nalala, halafu ndipo nitajua la kufanya. Nilikuwa nimeiwekea nyumba hiyo matumaini yangu yote. Baba naye, kumbe, alikuwa ameiwekea matumaini yake yote, kwa namna nyingine. Ingemtosha mmoja wetu tu.

Siwalaumu. Ninyi mmenunua kwa haki. Ishini humo kwa furaha, na yule mama anayeshona mapazia aendelee kupitisha mkono kwenye kuta hizo. Zilijengwa na mtu aliyekuwa akirudi kazini amechoka kujenga nyumba za watu, anavua shati, na kuanza kujenga yake.

Wenu,
Kijiti


15 Juni

Dada,

Barua yako imenifikia mimi. Mtu wa posta alikuta mabati yamezunguka kiwanja, akagonga, akaniambia, "Wewe ndiye unayeishi hapa?" Nikamwambia kwa sasa, ndiyo. Nilidhani ni barua ya kiwanja, nikaifungua. Nilipofika katikati nilitamani niifunge tena, lakini nilikuwa nimeshasoma.

Dada, hapa hakuna familia. Hakuna mwalimu wala mama wa mapazia. Aliyenunua ni kampuni, inataka kujenga ghorofa, na mimi ndiye msimamizi wa kubomoa. Kazi yangu ni kumaliza kazi za wenzangu. Nimeifanya miaka ishirini na moja, na sikuwahi kumwandikia mtu barua juu ya nyumba. Hii naiandika kwa sababu ya kilichotokea wiki iliyopita, na nisipokieleza kwa mtu kitanikaa kifuani.

Tangu siku ya kwanza kulikuwa na mzee ng'ambo ya barabara, na mwavuli mweusi, anakuja saa moja asubuhi, anaondoka tukiondoka. Vijana wangu walimwita Mkaguzi. Tulidhani hana shughuli. Tukang'oa paa, ametulia. Tukalaza kuta za vyumba, ametulia. Nikwambie ukweli, kuta zile zilituchosha. Kuna nyumba ukiigusa inakaa chini yenyewe kama ilikuwa inasubiri ruhusa. Hii kila ukuta tuliuomba.

Siku ya saba tingatinga likawa linaelekea ilipokuwa jiko. Mzee akatupa mwavuli, akavuka barabara bila kutazama magari, akaja amenyoosha mikono yote miwili. "Simamisha! Chini yake kuna maji, utaua mtu!" Dereva akacheka, akamwambia, "Mzee, nimepita hapo mara mbili alfajiri, kabla hujafika." Mzee akamtazama, halafu akalitazama tingatinga toka juu mpaka chini, akaniuliza, "Hili lina uzito gani?" Nikamwambia tani ishirini na mbili. Akakaa palepale kwenye kifusi.

Tukafukua. Tukakuta mfuniko wa chuma, na chini yake ngazi. Nikateremka na tochi, vijana watatu nyuma yangu.

Dada, sijui nikueleze vipi. Ni tangi la maji ya mvua, lakini neno tangi halitoshi. Lina urefu wa hatua kumi na moja. Juu ni kuba la tofali tupu, hakuna nondo hata moja, hakuna zege. Kila tofali limechongwa ubavu kidogo likaegemea jirani yake, na hilo likaegemea lingine, mpaka upande wa pili, kama watu walioshikana mabega. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Nilipomulika tochi, kuba la juu likaonekana lote ndani ya maji, chini yetu, hata nikawa sijui juu ni wapi. Ilikuwa kana kwamba tumesimama hewani ndani ya yai la tofali. Nikasikia kitu nyuma yangu, nikageuka. Vijana wote watatu walikuwa wamevua kofia ngumu. Hakuna aliyewaambia.

Mmoja akasema "Mungu wangu" kwa kunong'ona, na kuba likalibeba lile neno mpaka mwisho na kulirudisha zima.

Nikamwita mhandisi wa kampuni. Alikaa mle saa nzima na taa anatafuta ufa. Hakupata hata wa kupitisha unywele. Alipotoka aliuliza ni nani aliyelichora. Nikamwonyesha mzee kwenye kifusi. Mhandisi akakaa karibu naye akamuuliza alilijengaje. Mzee akacheka tu, akasema ni habari ndefu. Mimi pia nimemuuliza, zaidi ya mara moja. Hasemi.

Mwenye kampuni ni mtu wa hesabu, usidhani alitoa chozi. Lakini ghorofa litahitaji maji, na kuchimba tangi jipya ni gharama, na hili lipo. Michoro imebadilishwa. Kila kitu kingine kimekwenda, tangi linabaki.

Sasa nimebaki na tatizo. Baba yako aliniambia siku ile, "Binti yangu asijue kwamba nyumba imevunjwa." Na wewe unaandika baba asijue kwamba ndoa imevunjika. Mimi ndiye mbomoaji, halafu ndiye pekee ninayejua vyote viwili! Sijamwambia neno. Lakini dada, kama mtu anayefanya kazi hii, nakushauri: kitu kikishavunjika, usiweke mabati kuzunguka muda mrefu.

Wako,
Msimamizi wa kazi


2 Julai

Shikamoo Baba,

Najua kwamba hakuna mwalimu. Niliiandikia familia ile barua, ikapokelewa na mtu mwenye tingatinga. Ameniambia yote, na usimkasirikie.

Sikuandikii kukulaumu, maana na mimi nimekudanganya, tena kwa muda mrefu zaidi. Salamu za mume wangu nilikuwa nazitunga mwenyewe. Aliondoka Novemba. Sikutaka usiuze kwa ajili ya urithi, Baba. Nilitaka pa kurudi. Nilikuwa naona aibu kulisema hilo nikiwa na umri huu, na shahada ukutani.

Sasa nimelisema. Na wewe uniambie: kwa nini familia nzima? Ungeniambia tu kwamba ni kampuni.

Kuna kitu kingine. Nimeishi miaka kumi na nane juu ya lile tangi. Nimeteka maji yake, nimeogea, nimepigia deki. Nilijua kuna mfuniko na ndoo na kamba. Sikujua kilichokuwa chini. Msimamizi anasema vijana wake walivua kofia. Niliposoma hapo niliweka barua chini nikatazama miguu yangu.

Binti yako,
Kijiti


19 Julai

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa.

Nianze na lako. Pa kurudi papo. Ni vyumba viwili, lakini mlango wake hauna mtu wa kuuzuia usifunguke. Utalala kitandani, mimi nitalala sebuleni, na usibishane nami, nimelala kwenye mifuko ya saruji miaka na miaka. Kuhusu huyo bwana sitasema kitu. Nilikuwa nampenda kwa sababu yako, sasa sina tena sababu.

Halafu langu. Umeuliza kwa nini familia. Kabla ya kuuza, kampuni ilimleta mthamini, kijana nadhifu, viatu vyake safi. Alipima kiwanja kwa kamba na mashine. Akanipa karatasi. Mstari wa kwanza: ardhi, na ile bei niliyokwambia. Mstari wa pili: jengo, sifuri. Nikadhani amesahau kujaza. Nikamwambia, "Kijana, hapa umeruka." Akasema kwa adabu kabisa, "Hapana mzee. Jengo litaondolewa. Tena kwa kawaida tungekata gharama ya kuliondoa." Nikaweka sahihi. Mikono yangu hii hapa, iliyojenga, ndiyo iliyoweka sahihi chini ya ile sifuri.

Nilirudi nikatembea chumba hadi chumba. Nikasema binti yangu asijue kwamba alilelewa ndani ya sifuri. Ndipo nikamtunga mwalimu, nikamtunga mkewe. Yule mama wa kupitisha mkono ukutani nilimhitaji mimi kuliko wewe. Nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja aione ikiondoka.

Fedha, nikupe na ukweli huo: dalali, wakili na kodi kila mmoja alichota, kwa hiyo hazitafika miaka themanini na mitano. Kaka yako amenisaidia kuzitia kwenye hatifungani za serikali, kila nusu mwaka zinanipa riba, naishi kwa hiyo. Tumepiga hesabu, ni themanini na mmoja. Miaka minne imeliwa. Lakini nakula, nanunua dawa, na sijamwomba mtu. Mpango ulikuwa mzuri, mwanangu. Nyumba imenilisha kama nilivyomwahidi mama yenu. Nilichokosea ni kudhani kwamba watanunua nilichokijenga. Walinunua nilichokikuta.

Na sasa wanakuja watu na tochi kutazama lile shimo la maji. Juzi mhandisi alileta wanafunzi tisa. Nilikaa kando nikawatazama wakitazama juu, midomo wazi. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama wa kijana. Sijui niliite nini jambo hili. Njoo ulione mwenyewe.

Baba yako,
Fundi


30 Oktoba

Bwana Msimamizi,

Umekwenda kubomoa mahali pengine kabla sijakushukuru vizuri, nikapewa anwani yako na mlinzi wa kiwanja. Asante kwa viatu vya mpira, na kwa kutushusha mimi na Baba ndani ya tangi siku ile, na zaidi ya yote kwa kupanda juu ukatuacha wawili.

Sikurudi ugenini. Mkataba wangu ulikwisha Septemba, sikuutia sahihi tena. Nimepata kazi katika maabara ya hospitali hapa mjini, mshahara mdogo, hadubini nzee, lakini inaona. Nilikaa kwa Baba wiki tano. Kila jioni tuligombania nani alale sebuleni, na kila jioni alinishinda. Sasa nimepanga chumba mitaa miwili toka kwake, naye amefurahi sana kupata kitanda chake. Chai ya asubuhi tunakunywa pamoja.

Siku ile uliniomba nimuulize alilijengaje kuba. Nimemuuliza, mle mle ndani, na nakuandikia jibu kama alivyolitoa.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya chini, maji yakiwa hatua moja toka kwenye viatu vyetu. Nilikuwa nimeshatazama juu mpaka shingo ikauma. Ulisema kweli, hujui juu ni wapi. Nikasema, "Baba, ulifundishwa na nani?" Hakucheka safari hii.

Alisema hakufundishwa. Aliwahi kuona kuba kama hilo mara moja tu, chini ya ghala la zamani alikoitwa kuziba tundu. Alilipima kwa uzi, akauweka uzi mfukoni. Mafundi wenzake walimwambia litaanguka. Fedha za nondo hakuwa nazo. Akajenga mbao zilizopinda za kulishikilia kwa chini, akapanga tofali juu yake mwezi mzima, akaziba, akangoja wiki tatu. Siku ya kuondoa mbao alifunga kamba kwenye nguzo, akatoka nje, akazivuta moja moja kwa mbali. Zote zikatoka. Kuba likabaki peke yake.

"Basi ukaingia," nikasema.

"Sikuingia," akasema Baba. "Nilikaa mlangoni toka asubuhi mpaka saa tisa. Miguu ilikataa."

Saa tisa Mama akaja na chakula chake. Akamuuliza mbona hajaingia. Akamjibu kwamba bado anatafakari. Mama akamtazama, akashika ukuta, akateremka ngazi na sahani mkononi, akaenda mpaka katikati kabisa, chini ya tofali zote zile, akakaa sakafuni. Akafunua chakula. Akaita, "Fundi, kinapoa."

Sauti ya Baba ilikuwa ndogo lakini ilitoka kila upande, unavyojua pale. Nikamuuliza, "Lakini wewe ulijua halitaanguka."

"Sikujua."

"Mama alidhani unajua."

"Hapana," akasema. "Asubuhi ile ile, kabla sijavuta kamba, nilimwambia. Nilimwambia mke wangu, hili mimi silijui. Aliteremka akijua kwamba sijui."

Tone moja la maji liliachia juu, likaanguka mbele yetu, na ule mduara wake ukaenda taratibu mpaka ukuta wa mwisho. Nilikuwa napiga hesabu ya miaka. Mwaka wa tangi. Mwaka wangu.

"Baba," nikasema, "alikuwa na mimi tumboni?"

"Miezi minane," akasema Baba. "Aliteremka na wewe."

Wako kwa shukrani,
Kijiti